Alama ya Pili

Mirumbe alipofungua kifuniko cha mbele cha injini, Javan alikuwa ameshasogeza kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia kugusa kisogo cha fundi. Kilikuwa kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, na mkewe Jedidah alikuwa amemwambia mara mbili kwamba kitambaa kile hakikufumwa kwa ajili ya grisi. Javan hakusikia. Mtu aliyekaa kumlinda mwizi hana nafasi ya kusikia habari za vitambaa.

Na mwizi mwenyewe alikuwa hajaiba kitu. Tangu Alhamisi asubuhi alipofika katika boma hili, nje kidogo ya soko la Rangwe, alikuwa amekunywa chai vikombe vitatu na kula ugali kwa omena, dagaa wa ziwani, basi. Lakini alikuwa Mkuria wa Kegonga, na Javan alikuwa Mjaluo ambaye marehemu baba yake aliibiwa ng'ombe mara mbili. Nani aliwaiba, haikujulikana hata siku moja. Kwa Javan ilijulikana tangu zamani.

"Mzee, angalia hapa," Mirumbe alisema. Aliishika cheni ya ndani kwa kidole kimoja na kuitikisa. Ilining'inia kama mshipi wa mtu aliyekonda. "Imeisha. Imelegea mpaka imeruka meno. Ndio sababu gari ilipiga risasi ikazima pale sokoni."

"Jana ulisema labda ni plagi."

"Nilisema tuanze na plagi kwa sababu plagi ni rahisi."

"Leo ni cheni. Kesho utasema ni injini yote."

Mirumbe aliiachia cheni ining'inie. Miaka kumi na moja kwenye gereji ya Muhindi kule Migori ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye gari bovu hajibiwi kila kitu. Gereji yenyewe ilifungwa Februari ile, mwaka wa sitini na nane, tajiri akafunga mizigo akaenda Uingereza kama Wahindi wengi wa wakati ule, na mafundi wake wakatawanyika kila mmoja na sanduku lake la vyombo juu ya baiskeli. Sasa walitengeneza magari majumbani mwa watu, katikati ya kuku na wapita njia, na kila mpita njia alikuwa na ushauri wake.

Akamweleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto wa mkubwa wake. Humu ndani mna gia mbili. Ya chini ndogo, huzungushwa na injini. Ya juu kubwa, hufungua na kufunga valvu. Cheni ndiyo inayozifanya ziende pamoja. Zikikosana, valvu itashuka wakati pistoni inapanda, na hapo chuma kitapigana na chuma.

"Na wewe utajuaje zimepatana?"

"Ziko na alama. Kila gia iko na chale moja, kiwanda iliweka. Unaangalianisha chale na chale, halafu unafunga cheni."

Javan alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Hakuelewa. Alichosikia ni kwamba vyuma vya gari lake vitatolewa nje kimoja kimoja, na mikono itakayovitoa ni ile.

Na lile gari lilikuwa Pijo kuukuu la rangi ya majivu, lenye mlango mpana nyuma, na lilikuwa limenunuliwa kwa ng'ombe wa mahari ya binti yao Monicah, aliyeolewa Kasipul. Wazee wa ukoo walinuna. Ng'ombe wa msichana huoza mvulana, walisema, hawanunui mabati yenye magurudumu. Wifi zake Monicah humuuliza mpaka leo wale ng'ombe wanaendeleaje, naye huwajibu kwamba wananguruma vizuri. Jedidah aliposimuliwa hayo alicheka, kisha akaenda jikoni akalia, maana ni yeye aliyekubali wauzwe. Javan alikuwa ameapa kwamba gari litazaa kuliko ng'ombe.

Sasa lilikuwa karibu kuzaa. Chama cha wauza samaki cha Homa Bay kilikuwa kimekubali Javan awe anawachukulia samaki kila alfajiri kutoka ufukweni mpaka soko la Oyugis, kuanzia Jumatatu hii. Wakamwambia wazi: Jumatatu usipoonekana, tunamwita Onyancha. Huyu Onyancha alikuwa Mkisii wa Oyugis mwenye pikapu nzima, na kazi hiyo alikuwa anaimezea mate tangu mwaka jana. Ikimponyoka Javan, Pijo litabaki la kubeba mahindi ya jirani, na mahari ya Monicah itakuwa imezikwa chini ya mti wa mbele ya nyumba na kuku wanalala juu yake.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

*

Cheni mpya ilikuwa Homa Bay, kwa Abdurahman, mwenye duka la spea karibu na msikiti. Mirumbe alizitoa gia zote mbili, akazilowesha kwenye karai la mafuta ya taa ili ule uchafu ulioganda ulainike, akafunga sanduku lake la vyombo na kulipandisha juu ya baiskeli.

"Hilo sanduku unapeleka wapi?" Javan aliuliza.

"Ni vyombo yangu, Mzee. Natembea nayo kila mahali."

"Unaenda kununua cheni au unaenda kufanya kazi huko?"

"Kununua."

"Basi sanduku inabaki. Ndio nijue utarudi."

Jedidah alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. "Baba Monicah," alisema kwa Dholuo, lugha yao, kwa sauti ya chini, "mtu ameacha kazi nusu na hajalipwa hata senti. Atakimbia kwenda wapi?"

"Nyar Kabondo, chambua mchele," Javan alimjibu, akimwita binti wa kwao Kabondo.

Mirumbe hakujua Dholuo sana, lakini alijua sura ya mtu aliyejaribu kumtetea mwenzake akashindwa. Akaliteremsha sanduku, akaliweka barazani taratibu. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa umepotea zamani, kwa hiyo halikufungwa tena.

"Na hii barua mpe Abdurahman," Javan akaongeza, akimpa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Usifungue."

Duka la Abdurahman lilijaa harufu ya mpira na ubani. Aliisoma ile barua amesimama, kisha akamtazama fundi aliyeendesha baiskeli kwenye matope tangu Rangwe, jasho likimchuruzika mpaka kwenye nyusi.

"Unajua imeandikwa nini humu?"

"Sijui, Bwana. Nimeambiwa nisifungue."

"Bwana Javan anataka niandike bei ya cheni kwa mkono wangu, nitie muhuri, ili wewe usije ukaongeza chako." Abdurahman aliikunja tena. "Mwenzangu, hata mimi mwenyewe ameniomba niandike kwamba cheni ni mpya, nami nitie sahihi. Basi tusikasirike. Tumewekwa kapu moja."

Akacheka, akaandika, akagonga muhuri. Mirumbe hakucheka. Alikuwa akifikiria sanduku lake.

*

Na alikuwa na haki ya kulifikiria.

Javan alingoja baiskeli ipotee kwenye kona ya shule. Kisha akaenda akachuchumaa mbele ya karai. Marehemu baba yake, baada ya kuibiwa mara ya pili, alikuwa amewatia ng'ombe wake wote chale moja sikioni, ukingoni, upande wa kulia. Ng'ombe apelekwe popote, abadilishwe jina, apakwe matope, sikio litasema. Javan alikua akiliona hilo kama akili kuu kuliko zote duniani. Ng'ombe sasa hawapo, lakini masikio yalikuwa mengi sana mbele yake: rejeta, pampu ya maji, kifuniko, puli, gia. Fundi wa namna hii anaweza kwenda na kizima akarudisha kibovu kinachofanana nacho, na wewe mwenye mali unabaki kusema asante fundi.

Alifungua lile sanduku, akachakura mpaka akapata tupa ndogo ya pembe tatu. Alianza na rejeta, chale moja chini ya ukingo. Akaja kwenye pampu, akaja kwenye puli. Kazi ilimwendea vizuri hata akaanza kupiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Alipoitoa ile gia ndogo akaona tayari ina chale yake, nyembamba, imekaa vizuri kati ya meno mawili. "Hii imetahiriwa tayari," akajisemea, akairudisha.

Ile kubwa haikuwa na kitu. Ilikuwa imefunikwa upande mzima na masizi ya mafuta yaliyoungua, meusi, mazito kama lami. Javan alipangusa mahali padogo tu, palipomtosha, akatia chale hapo. Akaifananisha na ile ya gia ndogo, ukubwa ule ule na mlalo ule ule, kwa sababu aliona ni vizuri vyuma vya nyumba moja viwe na alama moja. Chuma kilikuwa kigumu, na ilimchukua karibu nusu saa.

Chale ilipokwisha ikang'aa. Hapo alisita. Mwizi akiiona si ataifuta? Akaingia jikoni, akachukua sufuria ya Jedidah na kuanza kukwangua masizi ya chini yake.

"Unafanya nini na sufuria yangu?"

"Nataka masizi kidogo."

"Ya nini?"

"Ya kazi."

Jedidah alimwangalia. Aliangalia na mkono wake wa kulia, uliokuwa na vumbi la chuma mpaka kwenye kifundo. Hakuuliza tena. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na miwili, na alijua kwamba mume wake akijibu kwa maneno mawili, la tatu lina aibu.

Javan alichanganya masizi na mafuta, akaipaka ile chale mpaka ikazeeka mbele ya macho yake. Hata yeye mwenyewe, aliporudisha gia karaini, ilimbidi aitafute. Akafurahi. Waswahili husema akili nyingi huondoa maarifa, lakini Javan siku hiyo hakuwa na Mswahili karibu wa kumwambia.

Alipotaka kurudisha tupa aliona Susana, jirani yao, anapita uani na ndoo ya maji, mwanamke ambaye akiona jambo Rangwe nzima imeliona. Akaitia tupa mfukoni. Jioni akaihamishia chini ya godoro, akisema kesho atairudisha.

*

Jumamosi Mirumbe alifika mapema kutoka sokoni alikolala, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua sanduku. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja mahali pa tupa. Ukapapasa. Ukarudi.

"Mzee, kuna mtu aligusa sanduku yangu?"

"Nani aguse? Kwani hapa kuna wezi?"

"Sijasema hivyo. Tupa yangu ndogo sioni."

"Labda umeiacha kwa gari ya mtu mwingine. Nyinyi mna kazi nyingi."

Mirumbe alimtazama kwa muda, kisha akainama kwenye kazi. Tupa ile ilikuwa ya tajiri wake wa Migori, alimpa siku aliyofunga gereji, na ilikuwa chombo cha pekee ndani ya lile sanduku ambacho asingeweza kukipata tena Nyanza yote. Ilimuuma. Lakini mtu aliyezoea kushukiwa huwa mwoga wa kushuku.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Javan alikuwa kitini pake, na saa ya mkononi ameivua ameishika kiganjani ili fundi naye aione.

"Mvua inakuja."

"Naiona, Mzee."

"Na injini iko wazi."

"Najua."

"Unapangusa hiyo gia mpaka lini? Unaioza kwa mume?"

Mirumbe alikuwa ameitoa gia kubwa na anaipangusa kwa tambara. Kwa kawaida angeipangusa yote mpaka ing'ae, aitazame pande zote. Lakini hapa, kwenye ukingo, chini ya masizi, tambara lilifunua chale. Nyembamba, imekaa vizuri kati ya meno mawili, sawa na ya mwenzake. Akailinganisha. Sawa kabisa. Akaliacha tambara.

Akazipanga gia chale ikitazamana na chale, akavisha cheni mpya, akafunga. Kifuniko, puli, pampu, rejeta, maji. Saa saba mchana, matone ya kwanza yakianguka, akashika mtaimbo wa kuzungushia injini.

"Sasa nazungusha na mkono kwanza," alisema. "Mizunguko miwili, nisikie kama inapita bila kugonga. Usishike ufunguo."

Hapo ndipo subira ya Javan ilipokatika. Alikuwa tayari ameingia kwenye usukani. Aliona mtaimbo, akaona mvua, akaona Jumatatu, akasikia ndani ya kichwa chake sauti ya fundi ikisema imegoma, Mzee, tulale mpaka kesho, na kesho ina malipo yake.

"Fundi ambaye anajua kazi haogopi ufunguo," akasema, akawasha.

Injini ilizunguka mara moja. Kisha pakatoka mlio ndani yake, mkavu, kama wa mtu anayevunja kuni gotini, na mwingine, na gari lote likatikisika likanyamaza. Kuku walikimbia chini ya ghala. Jedidah alitoka jikoni mikono ikiwa na unga, akasimama.

"Nimekuambia usishike ufunguo," Mirumbe alisema.

"Umeua gari yangu," Javan alisema.

*

Naibu wa chifu, Nashon, aliitwa kabla mvua haijakatika, na nyuma yake akaja Susana na ndoo yake, na nyuma ya Susana wakaja watu wengine tisa wasiokuwa na ndoo. Nashon alikuwa mtu mzito, asiyependa kulowa. Alisikiliza akiwa barazani.

"Amebadilisha vyuma," Javan alisema kwa Kiswahili, ili mshtakiwa asikie. "Jana alienda Homa Bay kutwa nzima. Gari ilikuwa na cheni tu mbaya, sasa imevunjika ndani. Amechukua vizima, ameweka vibovu. Hawa watu tunawajua."

"Hawa watu gani?" Mirumbe aliuliza.

Nashon aliagiza sanduku limwagwe. Vyombo vilimwagwa kwenye matope, spana juu ya spana. Aliagiza mkoba ufunguliwe: shati moja, sabuni nusu, Biblia ya Kiswahili iliyofungwa kwa uzi. Aliagiza mifuko. Mirumbe aliigeuza mifuko ya suruali nje mbele ya wanawake, akasimama hivyo, mifuko ikining'inia, akiangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mtu wa miaka arobaini, mwenye watoto watano. Jedidah aligeuza uso.

"Hana kitu," Nashon alisema.

"Ameuza Homa Bay!"

"Chifu," Mirumbe alisema, "mimi niko na neno moja. Vyombo yangu, hizo ziko chini, hazijatimia. Tupa yangu ya pembe tatu haiko. Iliachwa hapa jana."

"Mnamsikia? Sasa mimi ndio mwizi!" Javan alicheka, akawageukia watu. Na kwa kuwa aliona wanamsikiliza, akatoa silaha yake ya mwisho, ile aliyoiweka akiba kwa siku kama hii. "Chifu, mimi si mjinga. Jana nilitia alama kwa kila chuma cha hii gari. Alama ya marehemu baba, chale moja. Afungue mbele yako. Kama alama yangu haiko kwa ile gia kubwa ndani, huyu ni mwizi, umpeleke. Kama iko, mimi nitanyamaza."

Mirumbe aliinua kichwa polepole.

"Ulitia chale," alisema, "kwa gia?"

"Unaogopa?"

"Kwa gia gani?"

"Fungua!"

Mirumbe aliokota spana yake matopeni, akaifuta kwenye suruali, akaanza. Alifanya kazi saa nzima na zaidi na hakuna aliyeondoka. Maji yakamwagwa, rejeta ikatoka, na Javan akamwonyesha Nashon chale chini ya ukingo wake. Puli ikatoka, ina chale. Pampu, ina chale. Kwa kila chale Javan alizidi kunyong'onyea bila kujua kwa nini, maana kila moja iliyopatikana ilikuwa ni wizi mmoja uliopungua. Kifuniko kikaondoka. Mirumbe akaitoa gia kubwa, akaiosha kwa petroli mara hii, yote, pande zote, mpaka ikawa nyeupe. Akaipandisha barazani, akaiweka juu ya kiti cha kitambaa.

"Alama yako ni ipi, Mzee?"

Javan aliinama. Chale ilikuwepo. Ilikuwa ile ile aliyoitia, na masizi ya sufuria bado yamo ndani yake.

"Hii," alisema, kwa sauti ndogo.

"Na hii ni ya nani?"

Upande wa pili wa gia, mbali na ya kwanza, kulikuwa na chale nyingine. Nyembamba, imelika kidogo kwa uzee. Nashon alishusha uso wake mpaka pua ikawa karibu kugusa chuma. Akatazama moja, akatazama ya pili.

"Ya kiwanda ni hii ya zamani," Mirumbe alisema. "Mimi nilifunga na hiyo ya marehemu baba yako." Akaigusa kwa kidole. "Na mimi niko na kosa, Chifu, sitaificha. Nilipata moja nikaacha kutafuta. Fundi haachi kutafuta. Lakini nilikuwa nimeambiwa naioza."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Bwana Javan," Nashon alisema, "chuma hiki ni kigumu. Ulikitia chale na nini?"

Javan alifungua mdomo. Alitazama ndoo ya Susana, alitazama mvua.

Jedidah aliingia ndani ya nyumba. Walisikia kitanda kikilia, kisha akatoka, mikono bado ina unga. Hakumtazama mumewe. Alipita katikati ya watu, akaiweka tupa ya pembe tatu juu ya kiti, kando ya gia, akarudi jikoni.

Nashon alivaa kofia yake. "Kesi gani hii," alisema, "mwenye kushtaki ndiye mwenye kuiba." Akaondoka kwenye mvua ile ile aliyokuwa anaiogopa, na watu wakamfuata, Susana mbele yao wote, kwa sababu alikuwa na kazi kubwa ya kusambaza.

*

Fito mbili za kusukumia valvu zilikuwa zimepinda, na valvu moja. Fito zingenyooshwa kwenye jiwe, lakini valvu haikuwepo karibu kuliko Kisumu, na Kisumu Jumamosi jioni imefungwa, na Jumapili pia. Mirumbe aliyasema hayo akiwa anaokota vyombo vyake na kuvifuta kimoja kimoja. Alikuwa amekusudia kuondoka. Alikuwa ameshafunga sanduku kwa kamba.

Jedidah alimfuata mpaka kwenye baiskeli.

"Fundi," alisema, Kiswahili chake kikiwa cha kutafuta, "mimi sina uso ya kukuomba. Lakini hii gari si ya baba Monicah. Hii gari ni ng'ombe ya msichana yangu. Ikikufa, mimi ndio nitaulizwa."

Mirumbe alisimama na mkono wake juu ya sanduku. "Binti yako ako wapi?"

"Kasipul. Iko na watoto wawili."

Alitazama njia ya Rangwe, akatazama lile Pijo lenye mdomo wazi. "Jumatatu imeenda, Mama," alisema. "Hiyo siwezi kukurudishia."

"Najua."

"Nitaleta valvu Jumanne. Lakini kazi nitafanya yako. Yeye nisimwone kwa kiti."

Jumatatu alfajiri Jedidah alikuwa anafagia uani alipoisikia pikapu. Haikuwa na haja ya kupiga honi, lakini Onyancha alipiga, mara mbili, alipopita mbele ya boma. Harufu ya samaki ilibaki njiani kwa muda mrefu. Javan alikuwa ameamka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vimefungwa tayari, kama mtu ambaye bado ana mahali pa kwenda, na alikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumatano mchana gari liliungana. Mirumbe alizungusha kwa mtaimbo, mizunguko miwili, polepole, sikio lake juu ya chuma. Hakuna kilichogonga. Akampa Jedidah ufunguo, akamwonyesha. Yeye ndiye aliyewasha, na Pijo likanguruma, na Jedidah akaanza kulia pale pale kwenye usukani bila kujificha jikoni.

Javan alitoka ndani ya nyumba. Alikuja mpaka kwenye bawaba ya boneti, akasimama mikono nyuma.

"Fundi," alisema. "Ile alama yangu. Umeifuta?"

"Haifutiki, Mzee. Chuma si karatasi. Nikiipiga tupa zaidi, jino litavunjika." Mirumbe alikuwa anafunga kamba ya sanduku. "Itakaa huko ndani mpaka hii gari ikufe. Siku yoyote ambayo injini itafunguliwa, na fundi yeyote, umwambie kabla hajagusa. Umwambie ziko mbili. Ya kiwanda ni ile imelika. Hiyo ingine uliweka wewe."

Javan aliitazama injini iliyokuwa ikinguruma. "Nitamwambia," alisema.

"Nitamwambia mimi," Jedidah alisema kutoka kwenye usukani, akipangusa macho kwa mkono wa nguo. "Yeye atasema iliwekwa na Mkuria."